Batlamiusi: Jina la Wafalme, Jina la Mwanafalaki

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeliumba jua na mwezi na kuvipangia vituo ili tujue hesabu ya miaka. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.



Muhula uliopita niliaibika mbele ya darasa zima. Somo lilikuwa historia ya elimu katika ustaarabu wa Kiislamu, na zamu yangu ilikuwa kueleza kitabu cha falaki kiitwacho al-Majisti. Nilisimama kifua mbele nikasema kwamba mtunzi wake, Batlamiusi, alikuwa mfalme wa Misri, mrithi wa Iskandar wa Makedonia, mfalme aliyependa nyota kuliko vita. Wenzangu walifurahi. Mhadhiri hakukasirika. Aliniuliza jambo moja tu: ufalme huo ulikwisha mwaka gani, na nyota zilizomo kitabuni zilitazamwa mwaka gani? Sikuwa na jibu. Akanambia nikakae, nikasome tena, na nisisahau kwamba mimi ni mwanafunzi wa hadithi, kwa hiyo kosa kama hilo kwangu ni zito kuliko kwa mwingine.

Makala hii ndiyo kusoma kwangu tena.

Jina na maana yake

Waarabu waliandika Batlamyus kwa sababu lugha yao haina herufi ya P. Wagiriki wenyewe walitamka Ptolemaios, na Walatini Ptolemaeus. Asili yake ni neno la Kigiriki cha kale lenye maana ya vita. Kwa hiyo mwenye jina hili ni mtu wa vita, mpiganaji. Ni jina lililomfaa jemadari. Kwa mtu aliyekesha akipima pembe za nyota, halikuwa na uhusiano wowote na kazi yake. Lakini majina ndivyo yalivyo. Mtoto hupewa jina kabla hajajulikana atakuwa nani.

Wenye jina la kwanza: wafalme

Iskandar wa Makedonia alifariki mwaka 323 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Hakuacha mrithi mwenye nguvu, na majemadari wake wakagawana nchi alizoziteka. Mmoja wao, Ptolemaios, alichukua Misri. Kwanza alitawala kama gavana, kisha kati ya mwaka 305 na 304 K.K. akajitangaza mfalme. Kizazi chake kilitawala kwa takriban miaka 275, na kila mwanamume aliyekalia kiti kile alibeba jina lilelile. Ndiyo maana wanahistoria huwahesabu kwa namba: wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi wa kumi na tano.

Makao yao yalikuwa Iskandaria, mji uliopewa jina la Iskandar. Humo walijenga maktaba iliyokusanya vitabu vya lugha ya Kigiriki kuliko mji mwingine wowote wa zama zile, pamoja na nyumba ya wanazuoni waliolishwa na kulipwa na mfalme ili wasome na kuandika. Walijenga pia mnara wa taa wa Pharos uliowaongoza mabaharia. Hata miji ya mbali ilibeba jina lao. Akka ya Palestina, kwa mfano, iliitwa Ptolemais kwa karne nyingi.

Ufalme huo ulikwisha mwaka 30 K.K. Malkia Cleopatra alikufa, mwanawe akauawa, na Misri ikawa jimbo la dola ya Rumi. Huo ndio mwisho wa wafalme waitwao Batlamiusi.

Mtu wa Iskandaria

Sasa tuje kwa yule niliyemvika taji lisilo lake.

Jina lake kamili ni Claudius Ptolemaeus. Claudius ni jina la ukoo la Kirumi, ishara kwamba alikuwa raia wa Rumi. Ptolemaeus ni jina la Kigiriki lililokuwa la kawaida Misri, kwa kuwa watu huwapa watoto wao majina ya watawala, hata watawala hao wakishaondoka. Aliishi Iskandaria katika karne ya pili baada ya Nabii Isa (a.s.), akaandika kwa Kigiriki, na akafariki yapata mwaka 170.

Hakuacha habari za baba yake, mke wala watoto. Ametuachia tarehe. Kila alipotazama nyota, sayari au kupatwa kwa mwezi, aliandika mwaka, mwezi, siku na saa, na akataja kaisari aliyekuwa akitawala Rumi. Tarehe zake mwenyewe zinaanza mwaka 127, zama za kaisari Hadrian, na kuishia mwaka 141, zama za kaisari Antoninus. Hapo ndipo penye jibu la swali la mhadhiri wangu. Kati ya mfalme wa mwisho wa jina hilo na usiku wa kwanza ambao mwanafalaki huyu aliandika alichokiona, imepita zaidi ya miaka 150. Hata angeishi miaka mia moja, asingekuwa mfalme wa Misri.

Kosa la zamani

Nilijiliwaza kidogo nilipogundua kwamba sikuwa wa kwanza. Abu Maashar wa Balkh, mnajimu mashuhuri wa Baghdad katika karne ya tatu Hijria, alimweka mtunzi wa al-Majisti katika ukoo wa wafalme wa Misri. Ulaya ya zamani nayo ilifuata njia hiyohiyo, na wachoraji wao wakamchora mwanafalaki akiwa na taji kichwani na chombo cha kupimia nyota mkononi. Picha hizo bado zinachapishwa, na mwanafunzi anayezitazama bila kuuliza hupotea kama nilivyopotea mimi.

Lakini sisi tunaosoma elimu ya hadithi tuna dawa ya ugonjwa huu. Maulamaa wetu waliona mapema kwamba wapokezi wawili wanaweza kuitwa jina moja, na baba zao jina moja, nao wakawa watu tofauti kabisa. Anas bin Malik aliyemtumikia Mtume (s.a.w.) anajulikana na kila mtu. Lakini yupo sahaba mwingine, Anas bin Malik wa kabila la Kaab, ambaye hadithi zake ni chache mno. Anayewachanganya hujenga hukumu juu ya mtu asiyemjua. Kwa ajili hiyo al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria, alitunga kitabu kizima kuhusu majina yanayofanana ya watu wanaotofautiana. Dawa yake ni rahisi: uliza aliishi lini, aliishi wapi, alisoma kwa nani na nani alisoma kwake. Nilikuwa nimeyahifadhi maswali hayo kwa ajili ya mtihani, wala sikufikiri kwamba yanahusu Mgiriki.

Kitabu kikubwa kuliko vyote

Batlamiusi alikiita kitabu chake kwa jina la kawaida, mkusanyo wa hesabu. Wasomaji wa baadaye walikiita kikubwa, kisha kikubwa zaidi. Waarabu wakalichukua neno la Kigiriki lenye maana hiyo, wakaongeza al- mbele yake, likawa al-Majisti. Ulaya ilipokipokea kupitia tafsiri ya Kiarabu, jina hilo la Kiarabu ndilo lililobaki, Almagest.

Kina sehemu 13. Ndani yake ameeleza mwendo wa jua, mwezi na sayari tano zinazoonekana kwa macho, namna ya kukadiria kupatwa kwa jua na mwezi, na orodha ya nyota 1,022 katika makundi 48. Mengi aliyarithi kwa Hipparchus, aliyemtangulia kwa karibu miaka 300, na amemtaja kwa jina mara nyingi. Aliiweka ardhi katikati ya ulimwengu, na vingine vyote akavifanya viizunguke kwa duara juu ya duara. Leo tunajua hivyo sivyo. Hata hivyo, kwa hesabu zake mtu aliweza kujua sayari itakuwa wapi miaka mingi mbele, na kwa muda wa zaidi ya miaka 1,300 hakutokea mfumo ulioung'oa wake.

Lipo jambo lililonishangaza zaidi. Ili kuhesabu mwendo wa mwezi alihitaji kumbukumbu za zamani, akatumia kupatwa kwa mwezi kulikoandikwa Babeli tangu mwaka 721 K.K. Ili aunganishe miaka hiyo na yake, alitumia orodha ya wafalme na idadi ya miaka ya kila mmoja. Inaanza na Nabonassar wa Babeli mwaka 747 K.K., inapita kwa wafalme wa Uajemi, kwa Iskandar, kwa makaisari wa Rumi, na katikati yake wamo wafalme wa Misri walioitwa Batlamiusi. Yaani mwanafalaki aliwaorodhesha wenye jina lake apate kupima mwezi. Na kwa kuwa kupatwa kwa mwezi kunaweza kuhesabiwa kurudi nyuma, wanahistoria wa leo hutumia kumbukumbu zake kuthibitisha tarehe za wafalme wa kale. Hivyo jina hili limekutana na lenyewe, elimu ya nyota ikawa shahidi wa historia.

Mikononi mwa Waislamu

Khalifa al-Maamun, aliyetawala kuanzia mwaka 198 hadi 218 Hijria, alipenda vitabu vya Wagiriki vifasiriwe. Al-Hajjaj bin Yusuf bin Matar aliifasiri al-Majisti kwa Kiarabu karibu mwaka 212 Hijria. Baadaye Is-haq bin Hunayn aliifasiri upya, na Thabit bin Qurra akairekebisha. (Na hapa tena tuwe macho na majina: huyu al-Hajjaj bin Yusuf si yule gavana mkali wa Iraq wa zama za Banu Umayya. Kati yao kuna zaidi ya karne moja.)

Baadhi yetu tunadhani kwamba wazee wetu ama walimeza kila kitu cha Wagiriki, ama walikitupa kwa kuwa kimetoka kwa asiye Muislamu. Hawakufanya lolote kati ya hayo mawili. Walifanya kama walivyofanya kwa wapokezi: walimsikiliza, kisha wakampima.

Batlamiusi alisema nyota husogea polepole, digrii moja kwa kila miaka 100. Wanafalaki wa al-Maamun walipima wenyewe wakapata digrii moja kwa miaka 66. Kipimo cha leo ni karibu miaka 72, nao walikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko yeye. Abd al-Rahman al-Sufi, katika kitabu chake cha nyota cha mwaka 353 Hijria, alizipitia nyota za Batlamiusi moja baada ya nyingine, akasahihisha mwanga wake na kuandika majina ya Kiarabu pembeni.

Ibn al-Haytham, aliyefariki Cairo karibu mwaka 430 Hijria, aliandika kitabu kizima cha shaka juu ya Batlamiusi. Alimheshimu, lakini hakukubali kwamba duara linaweza kwenda kwa kasi sawa kwa kulipima kutoka nukta isiyo katikati yake, jambo ambalo hesabu za Batlamiusi zililihitaji. Nasir al-Din al-Tusi akatafuta njia ya kulitatua huko Maragha. Ibn al-Shatir, aliyekuwa mwangalizi wa nyakati za sala katika msikiti mkuu wa Damascus na akafariki mwaka 777 Hijria, aligusa kosa jingine. Kwa hesabu ya Batlamiusi, mwezi ungetukaribia mno katika siku fulani hata uonekane na upana wa karibu mara mbili. Kila mwenye macho anajua hauko hivyo. Ibn al-Shatir akaupangia mwezi mwendo mpya, na mpango kama huohuo ndio unaoonekana baadaye katika kitabu cha Copernicus cha mwaka 1543.

Kosa linalosafiri na mnyororo

Naomba tusimame kidogo kwenye kisa kimoja, kwani ndicho kilichonifanya niandike.

Batlamiusi aliandika kwamba mwaka 132, mwezi Septemba, alishuhudia siku ambayo usiku na mchana huwa sawa, akataja saa. Hesabu za leo zinaonyesha kwamba alichelewa kwa zaidi ya siku nzima. Zaidi ya hapo, saa aliyoitaja inaafikiana sawasawa na urefu wa mwaka aliousema Hipparchus. Ndiyo maana wapo waliomtuhumu kwamba hakutazama, bali alihesabu kisha akasema ametazama. Wengine humtetea kwamba alichagua tu kipimo kilichoafikiana na mwalimu aliyemwamini. Vyovyote iwavyo, urefu wa mwaka wake ulikuwa siku 365, saa 5, dakika 55 na sekunde 12, ukizidi ule wa kweli kwa zaidi ya dakika 6.

Karne saba zikapita. Al-Battani, aliyefariki mwaka 317 Hijria, alipima mwenyewe huko Raqqa, kwenye Mto Furati, kwa umakini mkubwa. Ili apate urefu wa mwaka alilinganisha kipimo chake na kile cha Batlamiusi. Kipimo chake kilikuwa kizuri, lakini cha mwenzake kilikuwa kimechelewa. Akapata siku 365, saa 5, dakika 46 na sekunde 24, pungufu kwa dakika zaidi ya mbili. Mkweli alipata jibu lenye kasoro kwa sababu ya aliyemtegemea.

Ndugu msomaji, hii ni isnadi. Mnyororo mzima unaweza kuwa na watu wakweli, na kiungo kimoja kikaudhoofisha. Nikikumbuka ujumbe tunaotumiana kwenye simu zetu kila Ramadhani, hasa ule wa mwezi kuandama sehemu fulani, ambao hakuna ajuaye nani aliuona, naona kwamba somo hili si la Wagiriki peke yao. Katika msikiti wetu wa chuo tuliwahi kugawanyika, wengine wakafunga na wengine wakala, kwa ujumbe ambao mwishowe haukuwa na mwenyewe.

Falaki na utabiri

Ni haki pia kusema kwamba Batlamiusi aliandika kitabu cha unajimu, yaani kudai kujua mambo ya watu kwa nyota. Hapo maulamaa wetu walichora mstari. Kuhesabu mwendo wa mwezi, kutafuta kibla na nyakati za sala ni elimu yenye manufaa, na wanafalaki waliajiriwa misikitini kwa ajili yake. Kudai ghaibu ni kitu kingine. Anayeipigia kura ya ndiyo al-Majisti halazimiki kukifuata kitabu kile kingine, hata kama mwandishi ni mmoja.

Milima ya Mwezi

Nimezaliwa Kasese, chini ya Rwenzori, na hapa ndipo nilipomkuta Batlamiusi nyumbani kwetu.

Aliandika pia kitabu cha jiografia chenye majina ya sehemu takriban 8,000. Ndani yake umo mji wa Rapta katika pwani ya Azania, ndiyo pwani yetu ya Afrika Mashariki. Habari zake alizipata kwa Marinus wa Tiro, naye kwa mabaharia, mmoja wao akiitwa Diogenes, aliyesukumwa na upepo akitoka India hadi karibu na Rapta. Kitabu hicho kinasema kwamba Mto Naili unatoka kwenye maziwa, na maziwa hayo hupokea theluji ya milima iitwayo Milima ya Mwezi. Al-Khwarizmi aliipokea habari hiyo katika kitabu chake cha sura ya ardhi, na al-Idrisi akaichora katika ramani yake ya mwaka 1154. Ikabaki kwenye ramani kwa karne nyingi, wengi wakiidhani hadithi tu.

Leo wengi huitaja Rwenzori kuwa ndiyo milima hiyo, ingawa wengine huelekeza kwenye Kilimanjaro. Ninachokijua ni hiki: kilele cha Rwenzori kina mita 5,109, kina barafu karibu kabisa na ikweta, na maji yake hushuka hadi kwenye maziwa ya Edward na Albert, kisha kuingia Naili. Mtu wa Iskandaria alikunywa maji ya mto huo bila kuviona vyanzo vyake. Alipokea habari kutoka kwa watu waliopokea kwa watu. Kuhusu mahali ilipo alikosea kwa umbali mkubwa, lakini maziwa na theluji vipo.

Jina lililobaki juu

Usiku wa mwezi wa Julai au Agosti, ukitazama mkia wa kundi la Nge, utaona kifungu cha nyota kama vumbi lenye mwanga. Batlamiusi alikiandika, na leo kinaitwa kwa jina lake. Mwezini pia, karibu na katikati ya uso unaotuelekea, kuna bonde la duara lenye upana wa kilomita 150 hivi liitwalo Ptolemaeus. Jirani yake kuna jingine liitwalo Albategnius, na huyo ni al-Battani wetu, kwa matamshi ya Kilatini. Aliyekosea siku moja na aliyepotezwa na kosa hilo wamewekwa ubavu kwa ubavu.

Wafalme wa jina hilo walikuwa na majeshi, dhahabu na mnara wa taa. Mnara ulianguka. Raia yule, ambaye hata jina la baba yake halikuhifadhiwa, ndiye anayetajwa kila siku, kwa sababu aliandika alichokiona na tarehe yake, hata wa baadaye wakaweza kumsahihisha. Elimu iliyoandikwa hivyo huendelea kufaa hata pale mwenyewe alipokosea.

Nilirudi kwa mhadhiri wangu na tarehe mbili kwenye karatasi: 30 kabla ya Nabii Isa, na 127 baada yake. Alizisoma, akatabasamu, akaniambia sasa nikalisimulie darasa upya. Nimeona heri niwasimulie na ninyi.

Allah atuzidishie elimu yenye manufaa, na atujaalie kuwa watu wa kuuliza kabla ya kusimulia. Wabillahi tawfiq.